Mashine Iliyozaliwa Kwenye Baridi

Ukishajulikana mtaani kwamba unaelewa kompyuta, basi watu huamini unaelewa kila kitu chenye waya. Hapa Lodwar nimeshaulizwa kuhusu dishi za televisheni, pampu za maji na redio zilizokataa kushika stesheni. Mwaka huu zamu imefika kwa mayai. Nyumba tatu za hapa mjini, na chama kimoja cha akina mama kule Kakuma, wameniuliza swali lile lile: ninunue mashine gani ya kuangulia vifaranga?

Wale wa Kakuma hawakuuliza kwa mzaha. Ni chama cha wakimbizi na wenyeji pamoja, na wana akiba ya karibu miaka miwili ndani ya kisanduku chenye kufuli tatu. Katibu wao ana picha ya mashine ya mayai mia tano kwenye simu yake, na anaionyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. "Fundi," akaniambia, "wewe tuambie tu kama ni nzuri."

Nzuri kwa nani, na wapi? Mimi kabla sijaweka programu kwenye seva ya mtu hupenda kujua iliandikwa na nani, lini, na kwa shida gani. Programu nyingi mbovu si mbovu hata kidogo, ila zilitungwa kwa ajili ya shida ya mtu mwingine. Kwa hiyo ndugu msomaji, kama unataka kununua mashine hii wiki hii, nivumilie kwanza tusome historia yake.

Kwa anayeanza kabisa, mambo yenyewe ni haya. Yai la kuku lililopandwa na jogoo huchukua siku 21 kuanguliwa. Linahitaji joto la takriban nyuzi 37.5 za Selsiasi, hewa safi, kugeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, na unyevu: wastani kwa siku 18 za kwanza, kisha mwingi zaidi siku tatu za mwisho ili ngozi ya ndani isikauke na kumfunga kifaranga. Katika zile siku 18 yai hupoteza maji kiasi cha asilimia 12 hadi 14 ya uzito wake. Likipoteza zaidi kifaranga hukauka, likipoteza kidogo mno huzama ndani ya maji yake mwenyewe. Kuku mwenye kuatamia anayajua yote hayo na hajawahi kwenda semina.

Sasa turudi nyuma, mbali sana, hadi Misri.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle aliandika kwamba Wamisri waliangua mayai kwa kuyafukia kwenye samadi. (Katika ukurasa huo huo anasimulia habari za mlevi wa Siracusa aliyeweka mayai chini ya mkeka wake akawa anakunywa bila kukoma mpaka yakaanguliwa. Hiyo nayo ni mashine, ingawa gharama ya kuiendesha ni kubwa.) Baadaye Wamisri walijenga matanuri makubwa ya matofali ya udongo: ujia katikati, vyumba vidogo pande zote mbili, kila chumba kikiwa na ghorofa mbili. Mayai yalilazwa chini kwa maelfu, na juu yake ukachomwa moto wa pole wa samadi iliyokaushwa na majani makavu. Watu waliishi humo humo na mayai. Waliyageuza kwa mkono, waliyahamisha kutoka pembe yenye joto kwenda pembe ya baridi, na hawakuwa na kipimajoto. Mfanyakazi alichukua yai akaligusisha kwenye ukope wa jicho. Ngozi ya hapo ni nyembamba, na kwa mtu aliyezoea haidanganyi. Kazi ilirithiwa baba kwa mwana, na wageni walioingia huko karne nyingi baadaye walitoka wameduwaa.

Mmoja wa walioduwaa, ingawa kwa kusoma tu habari za wasafiri, alikuwa Mfaransa René de Réaumur. Mwaka 1749 alitoa kitabu kizima juu ya kuangua ndege wa kufugwa kwa joto la kutengenezwa. Alijaribu kuiga Misri akiwa Ufaransa, kwa mapipa yaliyozungushiwa samadi inayochacha na kipimajoto alichokibuni mwenyewe. Alifaulu kwa kiasi, lakini biashara kama ya Misri haikuota mizizi kule. Hoja ninayoomba uikumbuke ni hii: Misri ni nchi ya joto. Tanuri la Mmisri halikupigana na theluji nje ya mlango. Kuta zake nene zilifanya nusu ya kazi, moto ukafanya iliyobaki.

Ulaya hawakuwa na bahati hiyo, na baridi ndiyo iliyowafundisha werevu. Hapa ndipo sisi watu wa programu tunapopaswa kuvua kofia.

Mwanzoni mwa karne ya 17 aliishi Uingereza fundi Mholanzi aitwaye Cornelis Drebbel, yule yule aliyetengeneza chombo cha kupiga makasia chini ya maji ya mto Thames. Drebbel alitengeneza sanduku la kuangulia mayai lenye moto chini. Kando ya mayai aliweka chupa yenye pombe kali, na mbele ya pombe hiyo zebaki. Joto likipanda, pombe inatanuka, inasukuma zebaki, zebaki inainua kijiti, na kijiti kinafunika tundu la moshi. Moto unakosa pumzi na kufifia. Joto likishuka, mambo yote yanarudi kinyumenyume na moto unawaka tena. Hakuna mtu aliyesimama hapo na yai kwenye ukope.

Wanahistoria wa uhandisi huihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa mifano ya kwanza ya mashine ya zama mpya inayojirekebisha yenyewe kwa kupima matokeo yake. James Watt alikuja na kidhibiti chake cha mtambo wa mvuke mwaka 1788, zaidi ya miaka 150 baadaye. Kwa hiyo jokofu lako, pasi yako ya umeme, na hata ile programu inayopunguza kasi ya kompyuta ikipata moto, wote wana babu mmoja, na babu huyo alikuwa analea vifaranga.

Baada ya Drebbel ni mlolongo. Bonnemain wa Paris, katika miaka ya 1770 na 1780, alizungusha maji ya moto kwenye mabomba, akayadhibiti kwa chuma kinachotanuka, akawauzia watu wa mjini vifaranga. Mwaka 1881 Mwingereza Charles Hearson alitoa mashine iliyotumia kidonge cha bati chenye kimiminika kinachochemka kwenye joto la yai. Kikichemka kinavimba, kikivimba kinainua kifuniko juu ya taa, na joto la ziada linatoroka. Mashine hizo za taa ya mafuta zilienea dunia nzima, na jamaa zake wa karibu bado unaweza kuwakuta vijijini Kenya, taa ya chemni chini na sanduku la mbao juu. Karibu na wakati huo huo daktari wa Paris, Stéphane Tarnier, aliona mashine ya kuangulia kuku kwenye bustani ya wanyama, akamwomba aliyeitengeneza ampe nyingine ya watoto wa binadamu waliozaliwa kabla ya wakati. Ndivyo ilivyoingia katika wodi za wazazi.

Sasa tazama mashine hizi kwa jicho la mtu anayeandika programu. Ukizichambua, zote, tangu Drebbel hadi lile bodi dogo la Kichina lenye tarakimu nyekundu linalouzwa siku hizi kwa mia chache, zinatekeleza mistari hii miwili:

kama joto liko chini ya 37.5: washa moto
vinginevyo: zima moto

Basi, programu yote ndiyo hiyo. Na ni programu nzuri sana, mradi ulimwengu wa nje ya sanduku uko chini ya 37.5. Ukizima moto kule London, baridi ya London itakushushia joto bure. Hearson hakuhitaji kuiandika amri ya "poza". Hali ya hewa ilimwandikia.

Ngoja niache hapo kidogo nieleze vifaranga walifikaje kwetu, kwa sababu hilo nalo lina mkono katika bei ambayo akina mama wa Kakuma wanalipa.

Kifaranga akikaribia kutoka hufyonza kiini cha njano kilichobaki, na chakula hicho humtosha hadi siku tatu hivi bila punje wala tone. Maumbile yaliweka akiba hiyo ili mama aweze kuwasubiri wanaochelewa kuangua. Mwaka 1892 Mmarekani Joseph Wilson wa New Jersey aliitumia kufanya jambo jipya: alitia vifaranga wa siku moja kwenye sanduku akawatuma kwa garimoshi hadi Chicago. Mwaka 1918 posta ya Marekani ikakubali rasmi kuwabeba. Mji wa Petaluma, California, ambako Lyman Byce alianza kutengeneza mashine zake mwaka 1879, ukatajirika kwa mayai na kuku. (Petaluma iko kaskazini ya San Francisco, si mbali na huko tunakoletewa simu na programu zetu. Ile kanda ilianza kuuzia dunia masanduku yenye akili kabla ya kompyuta kuwako.) Tangu hapo kuangua kukahama kutoka uani kwa mama kwenda kwenye kiwanda, na kifaranga akawa bidhaa ya kusafirishwa.

Kenya tuliifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1957 mwalimu mmoja wa shule ya Kapenguria, Nelson Muguku, aliacha chaki akaenda kufuga kuku. Shamba lake la Kikuyu lilikua mpaka likawa na kituo kikubwa cha kuangulia, na alipofariki mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa matajiri wanaotajwa nchini. Kapenguria, kwa wasiojua, ndiyo unayoipita ukitoka Kitale kuja kwetu, kwa hiyo hadithi hii ilianzia mlangoni petu ikageuka ikaenda kusini. Mwaka 1976 serikali, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuendeleza kuku: mpe bwana shamba jogoo wako wa kienyeji, upewe jogoo wa mbegu bora. Mwaka 1984 ikaja kampuni ya Kenchic. Kituo cha utafiti cha Naivasha nacho kikatoa kuku wa kienyeji walioboreshwa, ambao leo kila mtu anawataka.

Ule mpango wa jogoo ulikuwa na tundu moja ambalo wafugaji waliligundua wenyewe. Watoto wa wale majogoo walitaga vizuri kuliko mama zao, lakini wengi wao hawakutaka kuatamia. Haishangazi, maana kuku wa kisasa amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kutaga, na siku anayoatamia ni siku asiyotaga. Hata kuku wa Fayoum huko Misri, ambaye amezungukwa na matanuri tangu enzi, anajulikana kwa uvivu wa kuatamia. Ninyi mnaofanya kazi na kampuni za programu mnaijua hali hii. Unapewa kitu bora, unafurahi, baada ya miaka miwili unagundua huwezi kuendelea bila kununua na kitu kingine kutoka kwao.

Na Turkana je? Kuku hayumo kati ya mifugo ambayo Waturkana walihesabia utajiri: ng'ombe, ngamia, mbuzi, kondoo na punda. Kuku hahami vizuri. Aliingia pamoja na miji, misheni, na njaa. Ukame wa 1979 hadi 1981, ambao wazee huuita Lopiar, kwa maana ya ufagio uliofagia kila kitu, ulizikusanya familia nyingi zisizo na mifugo kandokando ya barabara na vituo vya chakula, na mtu aliyekaa mahali pamoja ndiye anayeweza kufuga kuku. Kisha mwaka 1992 ikafunguliwa kambi ya Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka hapa, na wakaja watu kutoka Sudan, Ethiopia, Somalia, Kongo na Burundi, wengi wao wakiwa wamefuga kuku tangu utotoni. Makazi ya Kalobeyei yakaongezeka mwaka 2016. Soko la kuku na mayai likawapo, mkubwa wake akiwa ni lori na basi kutoka Kitale. Mama wa Kakuma akinunua kifaranga wa siku moja, analipia pia kilomita zaidi ya 400 za safari ya yule asiyekula kwa siku tatu. Wanaofika wamekufa hawarudishiwi pesa. Na kama mnunuzi ni mkimbizi, hapandi basi tu kwenda Naivasha kujichagulia. Kutoka kambini kuna sheria na karatasi zake. Ndiyo maana mashine ya kuangulia si anasa kule. Mwenye mashine hangoji basi.

Haya, turudi kwenye mistari yetu miwili.

Lodwar joto la mchana hufika nyuzi 35 hadi 37 karibu mwaka mzima, na usiku mara nyingi halishuki chini ya 24. Mvua ni kama milimita 200 kwa mwaka. Hayo ni ya kivulini, nje. Ndani ya nyumba ya mabati ni habari nyingine. Februari iliyopita niliweka sensa mbili zilizounganishwa na kompyuta ndogo, moja kwenye stoo ya mabati, nyingine kwenye chumba cha jirani chenye kuta nene za udongo na paa la makuti ya mikoma. Siku kumi, kipimo kila dakika tano. Stoo ilivuka nyuzi 38 siku saba kati ya kumi. Ile ya udongo ilicheza kati ya 29 na 33, mchana na usiku.

Sasa weka mashine ya Hearson, au ya mayai mia tano ya kwenye simu ya katibu, ndani ya ile stoo saa tisa alasiri. Joto limevuka. Mashine inafanya inavyoamriwa: inazima moto. Halafu? Hakuna halafu. Feni inavuta hewa ya nyuzi 39 kutoka chumbani na kuisambaza kwa haki kwa mayai yote. Nyuzi 40 kwa saa chache zinatosha kuua viinitete vingi, na kuanzia katikati ya siku 21 hali ni mbaya zaidi, maana yai lenyewe hutoa joto. Vinginevyo: mwombe Mungu.

Na kuna jambo la pili, ambalo vijikaratasi vinavyokuja na mashine hulitaja kwa sentensi moja. Mwaka 1902 Mmarekani Charles Edwards alichapisha utafiti juu ya kiwango cha joto ambacho chini yake yai hulala, kiinitete kisikue wala kisife. Yeye alikiona kwenye nyuzi 20 au 21. Wengine baada yake wamekisogeza juu kidogo. Kote Ulaya, na hata Limuru, yai likitagwa hupoa na kulala, na unaweza kukusanya kwa wiki nzima ndipo uyaweke yote pamoja siku moja. Lodwar yai halilali. Usiku wenyewe ni nyuzi 24 au zaidi. Yai unaloliweka kwenye sinia juu ya kabati ukingoja yatimie mia, linaanza kukua kidogo kidogo, vibaya, bila kugeuzwa, na siku unayoliingiza mashineni pengine limekwisha kufa. Jirani mmoja alilaumu jogoo. Alimchinja. Mimi nadhani yule jogoo hakuwa na hatia.

Kuna mnara mmoja wa kumbukumbu ya mashine zilizokuja kwetu bila kuuliza hali ya hewa, nao uko Kalokol, kando ya ziwa. Ni kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki kule Norway ni kumalizia tu kazi ambayo baridi imeshaianza. Kalokol mitambo ilipaswa kushusha joto kutoka nyuzi 35 na kitu, kwa umeme wa dizeli na maji safi mahali pasipo maji safi. Kugandisha kulidumu siku chache tu, gharama zikaonekana haziwezekani, na jengo likageuka ghala la samaki wakavu. Kisha ghuba ya Ferguson ikakauka, na mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway, wafadhili wakaondoka. Waturkana wa ziwani wanaendelea kukausha samaki kwa jua, ambalo ni la bure.

Huko huko ziwani kuna mashine nyingine ambayo haijawahi kuharibika. Mamba wa Kisiwa cha Kati hutaga kwenye mchanga. Anachimba kina cha kutosha mpaka mahali ambapo mchana na usiku havitofautiani sana, anafukia, analinda, na wakitoa sauti anawafukua. Hana moto wala kidhibiti. Alichonacho ni kina. Mmisri alikuwa na kuta nene, mamba ana mchanga, na kuku wa kienyeji ana miguu: jua likizidi anasimama, anatanua mabawa, anaondoka dakika chache, anarudi. Wote watatu wameandika ile amri ya pili ambayo Drebbel hakuwa na sababu ya kuiandika.

Nikawaambia akina mama wa Kakuma hivi. Msinunue ile ya mia tano. Chukueni kwanza pesa mjenge chumba: kuta za udongo za unene wa dhiraa, paa la makuti juu ya dari ya udongo, dirisha moja upande wa kivuli lenye gunia la kulowesha. Chumba kikikaa kwenye nyuzi 30, mashine yoyote ya bei nafuu ya mayai sitini hadi mia itafanya kazi vizuri kuliko ya bei ghali ndani ya mabati, kwa sababu mtakuwa mmeirudisha kwenye nchi aliyozaliwa. Itabaki na nyuzi saba na nusu tu za kuongeza.

Mwenyekiti, mama wa Kikongo asiyekubali neno bila kulipima, akauliza: "Na stima ikikatika? Yule mwenye jenereta huzima usiku." Hapo ndipo jua letu linapotulipa deni. Limuru stima ikikatika usiku wa baridi, mayai hupoa mpaka hatarini. Kakuma usiku wa nyuzi 27, mayai yaliyofunikwa blanketi hupoa polepole sana. Kuku mwenyewe huyaacha akaenda kula. Saa chache za giza usiku hazitishi. Kinachotisha ni stima kukatika mchana katika wiki ya mwisho, feni ikasimama, na mayai yanayotoa joto yamefungiwa kwenye sanduku. Hapo usifunike. Fungua mlango.

Wakaniuliza pia kuhusu balbu. Zile za zamani zenye waya ndani zinapotea madukani, na wengi wananunua za LED wakidhani balbu ni balbu. Balbu ya LED inatoa mwanga mwingi na joto kidogo mno. Sanduku litang'aa kama duka la simu na mayai yatabaki yalivyo. Tafuta kipasha joto cha waya, au taa ya chemni kama mababu.

Kuhusu unyevu, nunueni mizani ya jikoni kabla ya kipima unyevu. Hewa yetu ni kavu kupita kiasi, na vipimo vya bei rahisi hudanganya, lakini uzito haudanganyi. Pimeni trei siku ya kwanza, ya saba, ya 14 na ya 18. Ikipungua upesi mno, ongezeni sahani za maji. Na siku ya saba mulikeni mayai gizani. Simu ya mulika mwizi inatosha. Yai zima huonyesha mishipa kama buibui mwekundu, lisilo na kitu hung'aa tupu.

Nikawasihi wasiwauze kuku wao watano wa kienyeji wanaoatamia ili kuongeza pesa ya mashine, kama walivyokuwa wamepanga. Kuku watano wakilazwa siku moja hubeba mayai hamsini hadi sitini, hawahitaji jenereta, na siku mashine ikikwama kati ya siku 21 mayai yake yana pa kukimbilia. Kwa lugha yetu, usifute seva ya zamani siku ya kuwasha mpya. Kulikuwa na mabishano marefu juu ya hilo. Mtunza hazina alisema kuku watano ni pesa iliyokaa juu ya mayai. Mwenyekiti akasema ndiyo, na ndiyo kazi yake.

Lililobaki lilikuwa mayai yasiyolala, na hapo walinizidi. Nilikuwa nimewaandalia maelezo ya mtungi ndani ya mtungi, mchanga wenye maji katikati na kitambaa chenye maji juu, ule ambao mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliueneza kaskazini mwa nchi yake kuanzia miaka ya 1990 kwa ajili ya mboga. Katika ukavu wetu maji huruka haraka, na kila tone likiruka linaondoka na joto. Mama mmoja wa Kiturkana, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akaniuliza kama ninamaanisha kitu kama kile walichowekea maji ya kunywa pale mlangoni. Tukaenda tukaweka sensa ndani. Nje ilikuwa 36. Baada ya saa moja ndani ya mtungi ilisoma 24, na jioni 22. Wameamua kukusanya mayai asubuhi na alasiri, kuyaweka humo ncha ikiangalia chini, na kutongoja zaidi ya siku nne. Matofali ya chumba yameshaanza kufyatuliwa.